Chumba cha upasuaji kipo, mtu wa usingizi hayupo: kisa cha kituo kimoja cha afya

Hiki kisa nakiandika kwa ajili ya wenzangu mlioko kwenye timu za afya za wilaya, waganga wafawidhi, na waheshimiwa madiwani mnaopitisha bajeti kwenye kamati ya huduma za jamii. Ni halmashauri moja ya wilaya Tanzania Bara. Jina silitaji, mkoa sitaji, na namba ndogo ndogo za kituo nimezizungusha kidogo ili mtu asitambulike. Mwenendo wa mambo sijaugusa.

Hali ilivyokuwa

Wilaya ni kubwa, watu wametawanyika, na hospitali ya wilaya iko pembeni kabisa upande mmoja. Upande wa pili kuna tarafa nzima ilikuwa inaishi kwa zahanati tu, na kutoka huko mpaka hospitali ni zaidi ya kilomita 80 za vumbi, masika ndo usiseme, kuna korongo likijaa mnakaa ng'ambo mnasubiri maji yapungue. Mama akipata uzazi pingamizi usiku, safari yake inaanza na kutafuta gari.

Mwaka 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu na serikali ikatangaza kwamba sehemu ya hela hizo zitajenga vituo vya afya kwenye tarafa ambazo hazina. Tarafa hii ikapata. Hela zikaingia kwa awamu, yakasimama jengo la wagonjwa wa nje, maabara, wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji, jengo la kufulia na kichomea taka. Ujenzi ulikuwa wa fosi akaunti, yaani halmashauri inasimamia yenyewe kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, wananchi wamechimba msingi wenyewe, wamesomba mawe na mchanga, kinamama wamebeba maji ya kumwagilia zege. Upande wa ujenzi watu wa pale wanastahili sifa yao yote na sitaki mtu asome yanayofuata akadhani nawabeza.

Kwa asiyejua mambo yanavyoenda: kituo cha afya cha serikali kiko chini ya halmashauri, na halmashauri iko TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Wizara ya Afya ndo yenye sera na miongozo. Kibali cha kuajiri kinatoka Utumishi, mshahara unalipwa na Hazina. Dawa na vifaa vinatoka MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, vikikosekana huko unaenda kwa mshitiri, msambazaji binafsi mwenye mkataba. Hela za kuendesha kituo zinatoka Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambazo tangu mwaka wa fedha 2017/18 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, ukijumlisha na makusanyo ya papo kwa papo (hela taslimu anazolipa mgonjwa), bima ya NHIF, na bima ya jamii ya CHF iliyoboreshwa ambayo kaya ya watu mpaka 6 ilikuwa inachangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa hiyo ili mama mmoja apasuliwe salama kuna milango isiyopungua mitano inatakiwa iwe wazi kwa wakati mmoja, na kila mlango una mwenye ufunguo wake na kalenda yake.

Mwongozo wa ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa, ulikuwa unataka kituo cha afya kiwe na watumishi wasiopungua 39. Siku majengo yanakabidhiwa, kituo kilikuwa na 11, wengi wao ni walewale wa zahanati ya zamani iliyopandishwa hadhi. Pengo hilo lina historia. Ajira zilisimama mwaka 2016 kupisha uhakiki, alafu Aprili 2017 uhakiki wa vyeti ukaondoa watumishi zaidi ya 9,900 kwenye utumishi wa umma nchi nzima. Uhakiki ulikuwa wa lazima, hamna anayetaka kudungwa sindano na mtu asiyesomea. Ila zahanati ile ilipoteza muuguzi na mhudumu wa afya, na nafasi zao zilikaa wazi miaka, kazi ikawa inafanywa na vijana wanaojitolea ambao posho yao ni hela ya sabuni.

Yaliyotokea

Mashine ya usingizi, ile ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu akipasuliwa, ilifika kabla ya mtu wa kuitumia. Tulipoenda kukagua tukaikuta stoo, ipo kwenye boksi lake, jina la kituo limeandikwa pembeni kwa kalamu ya wino mzito, na juu yake wamepanga vyandarua vya kliniki ya wajawazito kwa sababu stoo ni ndogo. Meza ya upasuaji ilikuwa imeshafungwa, taa imeshafungwa, fundi wa vifaa tiba wa mkoa alishapita. Kila kitu kinang'aa.

Maombi ya watumishi yalikuwa yamepelekwa. Tuliomba daktari, wauguzi, mtu wa maabara, mtu wa dawa. Ajira zilipotoka tukapata daktari mmoja, wauguzi wawili na mteknolojia msaidizi wa dawa. Mtu wa usingizi hakuwepo kwenye orodha, na ukirudi kwenye fomu unaona kwa nini: usingizi ni ujuzi ambao muuguzi au tabibu anaongezewa baadaye, na fomu yetu iliomba "muuguzi" tu. Waliotupangia walitupa tulichoomba.

Ikaja presha ya kuzindua. Viongozi walitaka kituo kifunguliwe chote kwa pamoja, wananchi wamechanga nguvu zao, wameona jengo limekamilika na lina kufuli, maneno yameanza. Timu ya mkoa ikasimama kwamba upasuaji hauanzi mpaka awepo mtu wa usingizi, vingine vyote vianze. Ndivyo ilivyokuwa. Wagonjwa wa nje wakaanza, wazazi wakaanza kujifungulia pale, na idadi ya wanaojifungulia kituoni ikapanda haraka maana sura ya kituo tu ilikuwa inawavuta. Kwenye ripoti zetu kikaingizwa kama kituo chenye huduma ya upasuaji wa dharura wa uzazi. Nitarudi kwenye hilo.

Alafu ukaja usiku ambao ndo umesababisha haya yote yaandikwe. Mama wa mimba ya pili, wa kwanza alizaa kwa upasuaji, ameletwa na bodaboda akiwa katikati ya mkwe wake na dereva. Nesi wa zamu alimpima akaona uchungu hausongi, akamwita daktari, daktari akatoka chumbani kwake kwa mguu, amefika akathibitisha kwamba huyu ni wa kupasuliwa sasa hivi. Chumba cha upasuaji kiko hatua chache kutoka wodi ya wazazi. Ambulensi ilikuwa imeshapeleka mgonjwa mwingine hospitali, ikabidi irudi kwanza. Mkwe akawa anauliza kwa upole tu, "dokta, si mna chumba cha kupasulia hapo?" Kwenye kikao cha mapitio daktari yule alisema sentensi moja ambayo wote tuliokuwepo tuliishika: "Mimi kukata najua, wa kumlaza nani?"

Walifika hospitali kunapambazuka. Mama alinusurika. Mtoto alikuwa ameshafariki.

Maamuzi, na kwa nini yalikuwa hayo

Kikao cha mapitio ya vifo vya uzazi na watoto wachanga kilikaa, na safari hii tofauti na vikao vingine mkurugenzi mwenyewe alikuja, pamoja na mwenyekiti wa kamati ya usimamizi ya kituo, mzee mmoja ambaye hakuongea sana ila alikuwa anaandika kila kitu kwenye daftari la shule.

La kwanza lilikuwa kuazima. Hospitali ya wilaya ilikuwa na watu wa usingizi watatu, ikaamuliwa wapokezane kwenda kituoni, kila mmoja wiki moja. Mganga mfawidhi wa hospitali alipinga na hoja yake ilikuwa nzito, kwamba akibaki na wawili mmoja akaugua, hospitali yenyewe inayopokea rufaa za wilaya nzima inayumba. Tulikubaliana iwe ya muda, mpaka kituo kipate wake.

La pili ni kusomesha. Hapa palikuwa na mjadala mrefu. Kuna mafunzo mafupi ya miezi mitatu na kuna kozi ya mwaka. Waliotaka mafupi walisema akina mama hawawezi kusubiri mwaka. Waliotaka mwaka, nami nilikuwa upande huo, tulisema huyu mtu atakuwa peke yake usiku wa manane bila wa kumuuliza, kilomita 80 kutoka kwa mwenzake wa karibu, mafunzo mafupi yanafaa zaidi pale ambapo kuna mtu mzoefu wa kumsimamia. Ikapita kozi ya mwaka. Wa kwenda alichaguliwa sista ambaye hakuwa kijana wala hakuwa na ufaulu mkubwa kuliko wenzake, ila mume wake ni mwalimu kata ileile, wana shamba, watoto wanasoma pale. Kuna waliolalamika kwamba ni upendeleo. Mimi naona ndo uamuzi bora kuliko yote yaliyofanyika kwenye kisa hiki.

Ada yake ilitoka mapato ya ndani, na kuipata haikuwa rahisi. Mapato ya ndani ya halmashauri ya vijijini ni ushuru wa mazao, minada, leseni, na kabla hujagusa kitu kuna 10% ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kuna miradi viporo, kuna posho za vikao. Diwani wa kata ile alizunguka kwa wenzake mmoja mmoja kabla ya baraza kukaa, ada ikapita.

La tatu lilikuwa nyumba. Daktari aliyepangiwa pale alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka, posho yake ya kujikimu ya ajira mpya ilichelewa kwa miezi, na alishaanza kuulizia uhamisho. Jengo la zahanati ya zamani likagawanywa likatoa makazi mawili, dari ikazibwa, choo kikarekebishwa, kwa hela ndogo mno ukilinganisha na kujenga nyumba mpya.

La nne ni posho. Mtu wa kuazimwa na daktari walipwe posho ya kuitwa kazini kutoka kwenye papo kwa papo ya kituo. Sababu ilikuwa wepesi: hela ziko kwenye akaunti ya kituo, kamati inaidhinisha, hamna kusubiri mtu mwingine. Wakati ule ilionekana ni busara.

Kulikuwa pia na pendekezo kwamba mmoja wa wanaojitolea afundishwe palepale kusaidia kwenye usingizi. Likakataliwa bila mjadala mrefu na lilistahili.

Matokeo

Upasuaji ulianza. Wa kwanza ulifanyika mchana, mama na mtoto wakatoka salama, na kwa miezi kadhaa mambo yalienda kiasi kwamba rufaa za uzazi kwenda hospitali zilipungua na hata dereva wa ambulensi alikuwa anasema sasa analala.

Tatizo lilianzia kwenye daftari la mapato. Upasuaji ulivyoongezeka ndivyo matumizi yalivyoongezeka, dawa ya kuchoma mgongoni, sindano zake, nyuzi, glavu, dripu, mafuta ya genereta umeme ukikatika. Mapato hayakuongezeka kwa kasi hiyo, maana kwa sera mama mjamzito hachangii gharama, mtoto wa chini ya miaka 5 hachangii, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo hachangii. Ikafika mahali kamati inachagua kati ya kununua nyuzi na kulipa posho. Walinunua nyuzi. Nani angewalaumu?

Posho zikawa madai. Mwaka mpya wa fedha ulianza Julai na hela za mfuko wa pamoja zikachelewa kama inavyotokea mara nyingi mwanzoni mwa mwaka, dawa zikakopwa kwa mshitiri. Watu wa kuazimwa hawakugoma, ila wiki ya mmoja ikapita hajaja kwa sababu ya mgonjwa hospitali, inayofuata mwingine ana likizo, mpaka chumba kikafungwa tena, safari hii bila tangazo, hivi hivi tu. Kwa muda wote huo ripoti iliendelea kusema kituo kinatoa huduma.

Sista aliporudi kutoka chuo chumba kikafunguliwa na hakijafungwa tena kwa kipindi kirefu. Daktari wa kwanza aliondoka kwa uhamisho wa kumfuata mwenza, ikachukua muda kumpata mwingine, na huyo wa pili amekaa. Anaishi kwenye ile zahanati ya zamani.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichokwama

Nianze na kilichokwama zaidi, posho. Kituo kilikuwa kinagharamia huduma isiyo na malipo kwa makusanyo ya huduma zenye malipo. Mantiki yake ni kwamba kadiri kinavyookoa akina mama wengi ndivyo kinavyofilisika. Msamaha kwa wajawazito nauunga mkono kwa moyo wote, wanawake wangapi wangebaki nyumbani kama ungeondolewa. Lakini msamaha una gharama, na gharama hiyo lazima iwe na fungu lake kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa halmashauri, ikiwa na jina lake, badala ya kuachiwa kamati ya wazee wa kijiji wajipapase mifukoni. Posho ya mtu wa usingizi ilitakiwa ikae mapato ya ndani ya halmashauri tangu siku ya kwanza, huko kwenye ushuru wa mazao, maana chanzo hicho hakipungui pale upasuaji unapoongezeka. Ndiyo, ushuru una misimu yake, mazao yakikosa halmashauri inalia. Ila misimu inajulikana na unaweza kuipangia.

La pili ni kalenda. Hela za jengo zina tarehe ya kuanza, tarehe ya kukamilika na mkaguzi wa kuuliza chenji. Kibali cha ajira hakina. Maombi ya ikama yanaandaliwa miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha, yanatetewa, yanakatwa kulingana na ukomo wa bajeti, alafu unasubiri mgao. Halmashauri iliomba watumishi wa kituo hiki ujenzi ukiwa umeshafika kwenye lenta. Kama kozi ya usingizi ni mwaka mmoja na ujenzi unachukua takriban muda huohuo, basi sista alitakiwa aende chuo wiki ambayo msingi unachimbwa. Hapa hakuhitajiki kibali kipya cha mtu yeyote, muuguzi tayari yupo kwenye orodha ya mshahara, kinachohitajika ni ada na mtu wa kushika zamu zake. Hili linawezekana kwenye halmashauri yoyote inayojenga kituo leo.

Fomu ya ikama nayo. Ukiomba muuguzi utapewa muuguzi. Tuliokuwa tunaandaa maombi tulijaza kada kama ilivyozoeleka, na nafasi ya kueleza ujuzi unaotakiwa ilikuwepo kwenye barua ya kusindikiza. Siku hizi barua ile inaorodhesha kituo kwa kituo: chumba cha upasuaji kipo, mtu wa usingizi hayupo, jina la anayesomea na mwezi atakaomaliza. Haijatuletea watu wengi ila imebadilisha maswali tunayoulizwa mkoani.

Kuhusu ripoti. Kipimo cha WHO kinataka vituo visivyopungua 5 vya huduma za dharura za uzazi kwa kila watu 500,000, kati yake angalau kimoja chenye upasuaji na kuongeza damu, na kituo kinahesabiwa kwa kile kilichofanyika ndani ya miezi 3 iliyopita. Sisi tulihesabu chumba na meza. Kwa kipimo hicho, kituo chetu kilitakiwa kutoka kwenye orodha mara mbili, na laiti kingetoka, mtu fulani ofisini angeuliza. Nchi imepiga hatua, vifo vya uzazi vilikadiriwa 556 kwa vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa kitaifa wa 2015/16 na 104 kwenye ule wa 2022, na vituo hivi vya pembezoni vina mchango wake humo. Ndiyo maana inauma kuona chumba kilichofungwa kinaandikwa kipo wazi. Anayesoma takwimu Dodoma atapeleka mtu wa usingizi kwingine akiamini sisi tunaye.

Kuazima watu kulifaa kama hatua ya dharura na kulikufa palepale kulipoachwa kuwe utaratibu wa kudumu. Kilichokosekana ni kitu kidogo, ratiba yenye jina la mbadala. Wiki ya fulani, asipokuja ni fulani, na anayejulisha ni nani. Ratiba ya kwanza ilikuwa na jina moja kwa kila wiki.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kuchagua mtu mwenye mizizi pale na kumtengenezea daktari pa kulala. Tumezoea kuamini kwamba mtumishi anakimbia kijijini kwa sababu ya mshahara, lakini mshahara wa serikali ni uleule popote ulipo. Daktari wa kwanza aliniambia siku anakabidhi kwamba mshahara haukuwa shida yake, alichoka kuoga nyuma ya duka la mtu huku wagonjwa wake wanapita. Nyumba ingekuwepo siku anaripoti, huenda hata yule mwenza angemfuata yeye kijijini.

Kilichobaki ni hatari moja kubwa: sista ni mmoja. Akienda likizo, akiugua, akifiwa, tunarudi kwenye ambulensi. Muuguzi wa pili ameshateuliwa kwenda chuo na ada yake imeombwa kwenye mapato ya ndani, safari hii pamoja na fungu la posho ya kuitwa kazini kwa watu wote wa chumba cha upasuaji. Kamati ya fedha ilipitisha ada. Fungu la posho mweka hazina aliomba lipunguzwe nusu, mheshimiwa diwani akakataa, na yule mzee mwenyekiti wa kamati ya kituo ameitwa kikao kijacho aje na daftari lake aonyeshe nyuzi na glavu zilivyokula makusanyo mwezi kwa mwezi.